Mkanda Ndio Unaolia, Ila Mgonjwa Huenda Ni Mwengine

Jirani yangu hapa Bububu ana Corolla 110 yenye injini ya 5A, na ndani ya mwaka mmoja gari hilo lilimla mikanda mitatu ya injini, ile belti ya mpira inayozungusha vitu kama oltaneta (jenereta inayochaji betri) na pampu ya maji. Kila alfajiri akiliwasha, mtaa mzima unasikia kwi-kwi-kwi, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Akilipeleka kwa fundi, jawabu ni lile lile: belti hiyo, nunua nyengine. Ananunua, panakuwa kimya wiki mbili, kifaranga kinarudi. Mwisho wa kisa chake nitausema huko mbele, maana ndicho kilichonikalisha kitako niandike haya.

Mkanda ni mpira na nyuzi tu. Hauna chuma cha kusagika wala meno ya kugongana. Ukiusikia unalia, ama unateleza, ama umepita njia iliyopinda, ama kuna kitu unachokizungusha kimekuwa kizito. Kwa hivyo kabla hujauliza bei ya mkanda pale Darajani, uliza kwanza nani anaufanya ulie.

Fungua boneti, injini imezimwa, utazame kilichofungwa. Kwenye Corolla na Carina za zamani mikanda iko ubavuni, upande wa dereva. Kwa injini za 4A na 5A, mkanda mmoja huzungusha oltaneta na pampu ya maji. Pawa stelingi na kompresa ya AC huwa na mkanda wao. Vitz na IST za injini ya 1NZ zina mkanda mmoja mrefu wenye mbavu (vituta vilivyopangana kwa urefu wake), na huo huo ukikatika umekosa chaji na pampu ya maji kwa pamoja. Hiace nyingi za dizeli zina mikanda miwili pacha ya umbo la V. Piga picha kwa simu njia inayopita mikanda yako yote. Utakuja kunishukuru siku ya kuirudisha.

Na tafadhali, usiinamie injini inayozunguka ukiwa umevaa kanzu, kikoi cha mapindo mapindo au mtandio unaoning'inia. Feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe hata gari likiwa limezimwa, maana inafuata joto la maji, haikufuati wewe.

Lini, si vipi

Rafiki yangu wa Wete alinirikodia mlio wa gari lake akanitumia kwenye simu. Sikuambua kitu. Simu hukata sauti nzito na kuzipandisha zile nyembamba, hata beringi (pete ya gololi inayozungushia puli) iliyokufa ikasikika kama ndege. Nikamwambia: usinitumie sauti, niambie analia lini.

Kwa sababu wakati ndio unaotaja jina la mkosa. Analia akiwashwa asubuhi kisha ananyamaza? Analia ukiwasha taa kubwa na AC kwa pamoja? Ukikata usukani mpaka mwisho unapoegesha? Baada ya kupita dimbwi la masika? Au analia muda wote, na mlio unapanda na kushuka na mguu wako kwenye mafuta? Mwenzangu yule alipofikiri akagundua kwamba gari linalia kwenye vilima vya njia ya Chake, AC ikiwa imewashwa, na likifika tambarare linanyamaza. Hapo tayari umeshaondoa nusu ya washukiwa bila kugusa spana.

Mluzi mrefu: kriiiii

Huu ni mlio wa kuteleza, na ndio unaojulikana zaidi. Asubuhi una sababu yake. Stata imekula betri, oltaneta inaamka na kazi kubwa ya kurudisha kilicholiwa, puli yake, yaani gurudumu linalovishwa mkanda, inakuwa nzito, na mkanda ulio na umande wa bahari unashindwa kuikamata. Ukilia sekunde mbili tatu ukanyamaza, mkanda umelegea au umezeeka. Ukilia dakika nzima na zaidi, usiutazame mkanda peke yake, pima na betri. Betri nzima iliyopumzika usiku husoma karibu volti 12.6; ikiwa iko 12.2 au chini, imebaki nusu au pungufu, na oltaneta itaitumikia kama punda kila siku. Injini ikizunguka unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Watu wamebadilisha mikanda kwa sababu ya betri inayokufa, nami nimo.

Mkanda kulegea unaupima kwa kidole gumba. Injini imezimwa, chagua sehemu ndefu kati ya puli mbili, ubonyeze katikati kwa nguvu ya kama kilo 10. Kwenye magari mengi madogo unatakiwa ushuke karibu sentimita moja. Ukishuka kama kamba ya kuanikia nguo, kaza. Usipoondoka kabisa, umekazwa kupita kiasi, na hilo ni kosa baya kuliko kulegea: mkanda uliokazwa sana haulii, unaua kimya kimya beringi ya oltaneta na ya pampu ya maji. Fundi anayetaka usirudi kulalamika kesho hukaza mno, nawe unarudi baada ya miezi mitatu na shida kubwa zaidi.

Kisha uutazame. Mkanda wa V ukiwa na pande zinazong'aa kama zimepigwa vanishi, umeungua kwa kuteleza; hata ukiukaza utalia tena. Na mkanda wa V hukamata kwa pande zake mbili, haukamati kwa tumbo. Tazama ndani ya mfereji wa puli: ikiwa kitako cha mfereji kinameta, basi mkanda umelika mpaka unakaa chini, na hapo hakuna kukaza kutakakokusaidia.

Mkanda wa mbavu nyingi ni mjanja zaidi. Ile ya zamani ilikuwa inapasuka, ukiona nyufa nyingi unajua imekwisha. Ya siku hizi haipasuki upesi, inalika tu kama tairi, mifereji inapanuka taratibu na kwa macho unaonekana mzima. Ulinganishe na mpya mkononi: kama mfereji wa wa zamani ni mpana na wa kina zaidi, muda wake umepita.

Halafu mafuta. Mkanda uliolowa oili huvimba, hulainika, na huteleza hata ukiwa mpya wa jana. Pitisha kidole nyuma ya puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini, unaoizungusha mikanda yote) na chini ya kava la tapeti, lile la juu ya injini, na kwenye mipira ya pawa stelingi. Ukikuta ulowevu mweusi, ziba kwanza, osha puli zote kwa maji ya sabuni uzikaushe, ndipo uvae mkanda mpya. Ukifanya kinyume chake umenunua mkanda wa kulowesha.

Ukikata usukani mpaka mwisho na mlio ukatokea hapo tu, ni mkanda wa pawa stelingi unaoteleza, kwa kuwa pampu yake inasukuma kwa nguvu yake yote wakati ule. Lakini kama ni mguno mzito, uuuu, kama ng'ombe anayejikokota, basi mafuta ya stelingi yamepungua au yameingia hewa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kifaranga: kwi-kwi-kwi

Turudi kwa jirani. Mlio wake haukuwa mluzi. Ulikuwa mfupi mfupi, wenye mdundo, ukienda mbio pamoja na injini. Mlio wa namna hii mara nyingi una maana kwamba mkanda unaingia kwenye puli kwa ubavu badala ya kuingia sawasawa.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua chupa ya kupulizia maji, injini ikiwa inazunguka polepole bila kukanyagwa, usimame pembeni, upulizie kidogo kwenye upande wenye mbavu. Kama mlio unanyamaza kisha unarudi maji yakikauka, puli haziko kwenye mstari mmoja. Kama mlio unazidi palepale maji yanapogusa, mkanda unateleza: urudi kwenye ukazaji, uchakavu na mafuta. Kama hakuna kinachobadilika hata chembe, huenda mkanda hauna kesi na mlio unatoka kwenye beringi.

La jirani lilinyamaza, likarudi. Nikamuuliza, ile mikanda ya zamani umeitupa? La, iko buti. Tukaitandaza barazani mitatu yote. Yote imelika ukingo mmoja, ule wa nje, na nyuzi zimeanza kuchomoza. Ushahidi alikuwa akiubeba mwaka mzima chini ya tairi la akiba.

Kumbe kabla ya mkanda wa kwanza alikuwa amefungiwa oltaneta ya mtumba. Ilitoka kwenye gari jengine, na bushi ndogo ya kwenye mguu wake haikurudishwa, ikakaa nje kwa kama milimita 3. Kwa jicho huoni. Ukiweka ruli ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa puli ya krenki na kuifikisha kwenye puli ya oltaneta, unaona mwanga unapita upande mmoja. Tukatafuta washa (kipete cha bati) ya unene unaofaa, tukaweka. Mkanda wa nne uko mpaka leo.

Mara nyengine kifaranga ni vumbi tu. Njia za ndani za mawe ya matumbawe hutoa unga mweupe unaonasa kwenye mifereji ya mkanda na puli. Brashi ya meno ya zamani na maji ya sabuni, ukaushe vizuri, ujaribu tena kabla hujaanza kufungua chochote.

Kusaga na kunguruma

Ukisikia sauti kama mbuzi ya kukunia nazi, au kama jiwe la kusagia linalozunguka bila nafaka, umefika kwenye beringi. Hapa usikisie. Vua mkanda.

Zima injini, ulegeze, uvue, kisha uwashe injini bila mkanda kwa nusu dakika tu. Kwenye gari ambalo mkanda huo unazungusha pampu ya maji, maji hayatembei, kwa hivyo usikae ukipiga gumzo. Kama mlio umetoweka, mkosa ni mmoja wa wale waliokuwa wanazungushwa. Kama upo palepale, achana na mikanda hii ya nje. Huko ni tapeti, au ekzosi inavuja karibu na kichwa, au kitu kilicho nyuma ya kava la taimingi (lile linalofunika mkanda wa ndani wa injini), na hilo la mwisho nitalirudia.

Mlio ukiwa umetoweka, zima na uzungushe kila puli kwa mkono. Puli nzima huzunguka laini na kimya. Beringi mbovu unaihisi kwenye vidole kabla ya kuisikia: kama kuna mchanga ndani. Kisha shika puli juu na chini, uitikise. Ikicheza, hata kidogo, imekwisha. Beringi inayozunguka kwa uhuru mno, ikaendelea na kuendelea kama pia ya mtoto, nayo usiiamini. Mara nyingi grisi yake imekauka.

Kama hutaki kuvua mkanda, kuna bisibisi ndefu: ncha kwenye mwili wa oltaneta, kwenye bolti isiyozunguka, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Beringi mbovu inakugonga fuvuni. Ila ncha iwe mbali na kila kinachozunguka, nami kwa mtu asiyezoea namshauri avue mkanda tu.

Puli ya kati, ile isiyozungusha kitu na kazi yake ni kuukaza au kuuelekeza mkanda, ndiyo hufa mara nyingi zaidi huku kwetu. Hewa ya chumvi, mvua ya masika inayorushwa kutoka chini, na gari linalolala nje pwani. Habari njema ni kwamba mara nyingi huhitaji puli nzima. Beringi yake imeandikwa namba ubavuni. Ukikuta 6203, hiyo ina tundu la milimita 17, upana wa nje 40 na unene 12. Ukikuta 6303, tundu ni lile lile 17 lakini nje ni 47 na unene 14, kwa hivyo haziingiliani. Baada ya namba tazama herufi: ZZ ina vifuniko vya bati, 2RS ina mipira pande zote mbili. Kwa maji na chumvi ya visiwani mimi nachagua 2RS bila kufikiri mara mbili. Ukiiingiza kwenye puli, igonge kwa duara la nje tu. Ukigonga la ndani umeiua kabla haijafanya kazi.

Pampu ya maji ina dalili mbili zaidi: mtikisiko wa puli na mchirizi. Chini ya shingo yake kuna kitundu kidogo, na maji yakianza kutokea hapo sili imechoka na beringi iko njiani kuifuata. Mara nyingi huoni maji, unaona ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti (maji maalumu ya rejeta). Na wengi wetu tumejitakia. Maji ya visima vya Unguja yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa; angalia birika lako la chai. Ya karibu na pwani yana na chumvi. Kuyatia kwenye rejeta miaka na miaka ni kuitengenezea pampu kaburi. Tia kulanti, na ukiichanganya tumia maji ya kuchemshwa kwa mvuke yanayouzwa kwa ajili ya betri.

Kompresa ya AC huwachanganya wengi. Puli yake huzunguka muda wote, AC ikiwa imezimwa au imewashwa. Kwa hivyo ikinguruma AC imezimwa na kubadilika sauti ukiiwasha, tuhumu beringi ya puli. Ikinguruma ukiwasha tu, tuhumu ndani ya kompresa yenyewe. Usikubali kubadilishiwa kompresa nzima kwa ajili ya beringi.

Puli ya krenki inayojifanya injini imekufa

Hii imewatoa watu machozi bure. Puli ya krenki kwenye injini nyingi si kipande kimoja cha chuma. Ni kitovu na duara la nje, katikati yake mpira uliogandishwa. Mpira ukizeeka, duara la nje linayumba na mkanda unacheza, na pengine kunasikika mgongano unaofanana na kugonga kwa konrodi (mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki). Fundi akasema injini imekwisha. Kabla hujauza kiwanja, piga mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kitovuni kukatisha mpira mpaka duara la nje. Endesha siku mbili. Ukikuta mstari umevunjika, nusu yake iko hapa na nusu kule, puli ndiyo mbovu. Na kagua bolti ya katikati haijalegea.

Sabuni, mshumaa na ujanja mwengine

Nimeona mtu akisugua kipande cha sabuni kwenye mkanda unaozunguka, na mwengine mshumaa. Hunyamaza, kweli, kwa sababu umeupa mkanda kilainishi na sasa unateleza bila kelele. Saa moja baadaye unalia zaidi, na chaji ya betri imepungua njiani. Grisi ni mbaya zaidi, inakula mpira. Hakuna kinachopakwa kwenye mkanda.

Ukinunua mpya, soma maandishi ya ule wa zamani. 4PK890, kwa mfano, ni mbavu 4 na urefu wa milimita 890. Duka moja liliwahi kunipa wenye maandishi sawa lakini mkononi ukawa mrefu kwa upana wa vidole viwili. Tangu siku ile nauweka wa zamani juu ya mpya papo hapo kaunta. Ikiwa mikanda ni pacha, badilisha yote miwili, maana mpya utabeba kazi ya wote. Usiutie kwa kuukwanyua na bisibisi juu ya puli: nyuzi za ndani hukatika na wewe huzioni.

Wakati wa kukaza kwenye hizi Toyota, legeza kwanza bolti ya mguu wa oltaneta, mara nyingi spana namba 14, kisha ile ya kwenye mkono, namba 12, ndipo uzungushe bolti ya kukazia. Ukisahau ya mguu utapinda mkono wa oltaneta na kurudi kwa kifaranga. Mpya ukishafungwa, washa dakika tano, zima, pima tena kwa gumba. Wiki moja baadaye pima mara nyengine, kwani mkanda mpya hutulia na kulegea kidogo.

Nimebakisha kava la taimingi. Injini ya 5A ina mkanda mwengine ndani, wa meno, nyuma ya kava la plastiki, na huo si wa kusubiri ulie. Muda wake wa kawaida ni kilomita 100,000, na kwa gari lililokuja kwa meli kutoka Japani likiwa na mita usiyoiamini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukiubadilisha, badilisha na beringi ya tenshena yake (puli inayoukaza) na sili ya krenki iliyo nyuma yake. Ukivua mikanda yote ya nje na bado kuna mkwaruzo unaotoka ndani ya kava lile, usiendeshe hata mpaka Mwanakwerekwe kutafuta spea. Liache gari lilipo, panda daladala.